Msitu wa Karura na Walioruhusiwa Kuingia

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa jiji la Nairobi, kati ya Barabara ya Kiambu na mitaa ya Gigiri na Muthaiga. Barabara ya Limuru inaupasua, na kipande kilichobaki ng'ambo huitwa Sigiria. Kwa jumla ni hekta 1,041 hivi, na ni miji mikuu michache iliyo na msitu mkubwa kiasi hicho ndani ya mipaka yake. Mito midogo inayoteremka kutoka Kiambu hupita humo, ikiwemo Karura wenyewe, Ruaka na Gitathuru. Maji yake huishia katika Mto Athi, ambao huko chini hugeuka jina ukawa Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini karibu na Malindi.

Siku hizi watu huenda Karura kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli na kuketi nyasini na watoto. Mazoea hayo ni ya juzi tu. Kabla ya hapo msitu huu uliingiwa kwa sababu nyingine kabisa: kutafuta kuni, kujificha, kuiba, kugawana ardhi. Historia yake ni historia ya ruhusa: nani aingie, kwa kazi gani, na nani wa kumzuia.

Kabla ya ukoloni Karura ilikuwa sehemu ya ukanda wa misitu iliyofunika miinuko ya Kiambu hadi ilipokutana na mbuga za Wamaasai. Miti yake ya asili bado inaonekana: muhugu, ambao mbao yake ngumu hupendwa na wachongaji wa Kikamba, mtarakwa, mzeituni mwitu, na mukinduri wenye majani ya fedha upande wa chini. Wagikuyu walikuwa wakisonga kusini, na ardhi ilishikwa na mbari, yaani ukoo uliofyeka na kumiliki eneo lake. Msitu ulikuwa ghala. Humo walitundika mizinga ya nyuki, wakachuma dawa na kukata nguzo za nyumba. Mti wa mugumo haukukatwa ovyo, kwa kuwa chini ya migumo fulani wazee walitoa sadaka na kuomba mvua. Ruhusa ilikuwa mikononi mwa ukoo na wazee, na aliyeivuka alijua atajibu kwa nani.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Injini za mvuke za wakati huo zililishwa kuni, na zilikula kwa pupa. Serikali ya kikoloni iliunda Idara ya Misitu mwaka 1902, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuhakikisha kuni hazikatiki. Mkaratusi ukaletwa kutoka Australia kwa sababu hukua upesi na huchipua tena ukikatwa. Mwaka 1907 bustani ya miti ya Nairobi, ambayo wakazi wengi huiita Arboretum, ilianzishwa kando ya mto Kirichwa Kubwa ili kujaribu ni miti ipi ya kigeni ingestawi hapa. Wanaokwenda kupumzika Arboretum Jumapili huketi katika shamba la majaribio la zamani. Kivuli hicho kilipandwa kwa ajili ya tanuri la gari moshi.

Karura nayo ilipitia njia hiyo. Miti ya asili ilikatwa sehemu kubwa, na mikaratusi na miti mingine ya kigeni ikapandwa kwa mistari. Mwaka 1932 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi wa serikali. Kuanzia hapo mamlaka ya mbari yalikwisha. Aliyetaka kuni, nyasi au nguzo alihitaji karatasi ya ofisa wa misitu, na asiyekuwa nayo alikuwa mhalifu katika msitu ambao babu yake alitundika mizinga. Katika hifadhi nyingi za Kenya ulitumika pia mfumo wa shamba: familia ziliruhusiwa kulima mahindi na maharagwe kati ya miche, zikaipalilia kwa faida ya serikali, na miti ilipofunga kivuli zikaondoshwa. Mkulima alipata mavuno ya misimu michache, idara ikapata msitu bila kulipa mishahara mingi.

Mapumziko ya nje, kwa maana ya kwenda porini kwa raha, yalikuwepo enzi hizo, lakini yalikuwa ya wachache. Walowezi walikuwa na klabu yao Muthaiga, iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, wakipiga gofu na kupanda farasi jirani na Karura. Mwafrika alilala kwenye hema akiwa kazini: mpagazi, mpishi, mbeba bunduki. Neno kambi lenyewe, kwa wapagazi wa misafara kutoka pwani, lilikuwa na maana ya mzigo kutuliwa, moto kuwashwa na zamu ya usiku kupangwa. Skauti ndio waliolipatia neno hilo sura nyingine. Kambi yao ya Rowallan, iliyopewa jina la Lord Rowallan, mkuu wa skauti wa Jumuiya ya Madola kati ya 1945 na 1959, iko ukingoni mwa msitu wa Ngong Road upande wa pili wa jiji, na humo vijana wa shule za Kenya wamejifunza kufunga hema, kupika kwa kuni na kuzima moto kabla ya kulala. Pengine hapo ndipo vijana wengi wa Nairobi walipolala msituni kwa mara ya kwanza kwa hiari yao.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Karura ilikuwa na mambo mawili yaliyowafaa wapiganaji wa Mau Mau, waliopambana na ukoloni: ukaribu na jiji, na mapango yaliyochimbwa na maji kwenye kingo za mto. Mapango hayo si makubwa. Mtu huinama mlangoni, na ndani mwanga hupungua hatua chache tu baadaye. Lakini yalitosha kuficha watu, chakula na silaha umbali mfupi kutoka nyumba za walowezi. Wageni wanaopigana picha hapo leo wasimame kidogo wafikirie jambo hilo: watu walilala juu ya jiwe hilo lenye unyevu wakisikiliza nyayo za askari, na wengi wao hawakuiona bendera ya uhuru ya 1963.

Uhuru ulibadilisha wenye ofisi, karatasi zikabaki zile zile. Sheria ya misitu iliyorithiwa ilimpa waziri uwezo wa kubadilisha mpaka wa msitu kwa tangazo katika gazeti la serikali, kisha kungoja siku 28 tu. Benki Kuu ilitumia tanuri lililojengwa ndani ya Karura kuteketeza noti kuukuu, na jengo lake tupu bado lipo. Kadiri jiji lilivyokua, msitu ulipata sifa mbaya. Wezi walijificha humo, pombe haramu ilipikwa kando ya mito palipo na maji na pasipo na macho, miti ilianguka usiku, na maiti ziliokotwa. Mzazi wa Nairobi wa miaka ya 1980 alimtajia mtoto Karura kama onyo. Msitu ambao wananchi wanauogopa hauna wa kuulilia, na wanaopora ardhi ya umma walilijua hilo vizuri.

Katika miaka ya 1990 vipande vikubwa vya Karura viligawiwa kimyakimya kampuni binafsi kwa ajili ya majumba ya kifahari. Ardhi ilikuwa jirani na Gigiri, makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na thamani yake ilikuwa ikipanda. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alikuwa tayari ameongoza kampeni ya mwaka 1989 iliyozuia jengo refu lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1998 habari za ujenzi Karura zilipomfikia, aliandika barua, akaita waandishi wa habari, kisha akaingia msituni na wenzake wakiwa na miche na majembe. Mkakati wao ulikuwa rahisi na wa busara: pale palipofyekwa, wapande. Oktoba mwaka huo umati wenye hasira ulichoma matrekta na mitambo ya wajenzi.

Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alirudi na kundi dogo, wakiwemo wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wanamazingira. Walikuta walinzi wa kukodiwa, wengi kuliko wao kwa mbali, wakiwa na mijeledi, marungu na mapanga. Aliomba aruhusiwe kupanda mti mmoja. Walinzi wakawavamia. Maathai alipigwa kichwani, damu ikamtiririka, na alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa aliitia sahihi kwa damu hiyo hiyo. Picha zilizagaa duniani, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, akalaani shambulio hilo. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana mwezi huo huo na kupambana na polisi. Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Ujenzi haukuendelea.

Ushindi huo uliokoa miti, lakini bado raia wa kawaida hakuwa na sababu ya kuingia Karura, wala usalama. Kilichofungua njia ni sheria. Sheria ya Misitu ya 2005 iliunda Huduma ya Misitu ya Kenya, iliyoanza kazi mwaka 2007 mahali pa idara ya zamani, na kwa mara ya kwanza ikaruhusu wananchi kuunda vyama vya jamii vya kusimamia msitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 wakazi wa jirani walisajili chama cha Friends of Karura. Uzio wa umeme ulijengwa. Vijana wa kijiji cha Huruma, mtaa wa mabanda ulio mpakani mwa msitu, waliajiriwa kuwa askari wa doria. Baadhi ya waliojua vichochoro vya msitu kwa sababu ya kukata miti usiku wakawa ndio wanaovilinda, na hapana mradi wa Karura uliofanya kazi kuliko huo. Uzio bila watu wa Huruma ungekatwa wiki ya kwanza. Februari 2011 msitu ulifunguliwa rasmi kwa umma. Wangari Maathai alifariki tarehe 25 Septemba mwaka huo huo, miezi saba baadaye.

Anayeingia leo hulipa kiingilio na kufuata njia za udongo mwekundu. Kila njia panda ina nguzo yenye namba, ili aliyepotea ajue alipo. Njia ya mto huteremka kwenye ubaridi. Kelele za Barabara ya Kiambu hufifia, na mahali pake husikika maji. Ukifika kwenye maporomoko, maji meupe yanadondoka mwambani na manyunyu yake hulowesha viatu vya aliyesimama karibu. Mbele yapo mapango, na mianzi inayogongana upepo ukivuma. Kima huvizia vikapu vya chakula. Mbawala na funo huonekana asubuhi mapema kabla ya wakimbiaji kuwa wengi. Mbega weusi kwa weupe, waliokuwa wametoweka, walirudishwa katika miaka ya 2010 kutoka Nyandarua, na sasa wanaruka tena juu ya vichwa vya watu. Mikaratusi ya kale huondolewa kidogo kidogo na miti ya asili kupandwa mahali pake. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa sababu ukikata yote kwa pamoja udongo wa kingo hushuka mtoni kwa mvua moja.

Kiingilio hicho hicho ndicho kinacholeta ubishi. Kwa miaka mingi kilikuwa shilingi 100 hivi kwa mwananchi mzima, kiasi kidogo kwa mkazi wa mtaa wa kitajiri wa Runda lakini kizito kwa mama wa Huruma mwenye watoto wanne. Fedha hiyo ililipa askari wa doria na matengenezo ya uzio. Agosti 2025 Huduma ya Misitu iliagiza malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen; Friends of Karura walipinga, na shauri likafika mahakamani. Hofu ya wengi ilikuwa kwamba pesa ikishaondoka msituni huenda isirudi kwa wanaoulinda. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa Karura iliwahi kuachwa bila walinzi na matokeo yake yalionekana.

Ipo tofauti moja kati ya sasa na 1998. Chini ya sheria ya misitu ya 2016, mpaka wa msitu wa umma hauwezi kubadilishwa kwa sahihi ya waziri na siku 28 za kungoja. Ombi lazima lipelekwe Bungeni, lijadiliwe hadharani na kupigiwa kura.