Hesabu Kubwa ya Mtawa Mersenne

Hesabu nazo zina jamaa zao kama watu. Tukigawanya 12 kwa 2, kwa 3, kwa 4 au kwa 6, hakibaki kitu. Lakini 7 haigawanyiki hivyo ila kwa 1 na kwa yenyewe: hiyo twaiita namba tasa. Tena ziko hesabu kamilifu. Hiyo 6 yagawanyika kwa 1, kwa 2 na kwa 3. Zijumlishe hizo, nazo zarudi kuwa 6. Mtakatifu Augustino aliutaja ukamilifu huo alipoeleza siku sita za uumbaji.

Euclid, Mgriki wa kale, alionyesha njia ya kuzipata. Zidisha 2 tatu, upate 8. Toa 1, yabaki 7, namba tasa. 7 mara 4 ni 28, nayo ni kamilifu. Basi wataalamu wakatamani kujua: tuzidishe 2 ngapi, tukitoa 1 ibaki namba tasa?

Marin Mersenne alizaliwa Ufaransa mwaka 1588, akawa mtawa katika shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola. Chumba chake mjini Paris kilikuwa kama posta: Descartes na Fermat walimwandikia, naye alipeleka habari za huyu kwa yule. Mwaka 1644 aliandika kwamba 2 zikiwa 67, jibu ni namba tasa. Jibu lenyewe ndilo hili:

147 573 952 589 676 412 927

Nani angeweza kubisha? Mersenne mwenyewe alikiri kwamba kupima hesabu ya tarakimu 15 au 20 ni kazi isiyokwisha. Ikapita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, lakini hakupata vigawanyo vyake. Ndivyo tugongavyo chungu: mlio watuambia kina ufa, nasi hatujauona ufa.

Ufa ulionekana mwaka 1903. Yasimuliwa kwamba Frank Cole, Mmarekani, alisimama ubaoni mbele ya wenzake huko New York bila kusema neno. Upande mmoja alizidisha zile 2 hata mwisho, akatoa 1. Upande wa pili alizidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yakawa sawasawa. Akaketi, wote wakapiga makofi. Alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Je, tumcheke Mersenne? Hata kidogo. Alikosea pia katika 257, akaacha 61, 89 na 107. Lakini namba tasa za jamaa ile zaitwa kwa jina lake mpaka leo, kwa kuwa aliwapa wengine kazi ya kutafuta.

Nasi tunaofundisha tushike neno hili. Mtoto akiuliza, «Kwa nini?», tusimjibu, «Mwalimu amesema.» Tumpe chaki, ahesabu mwenyewe. Hata mtu mwema na mwenye elimu aweza kukosa, na kumsahihisha kwa haki si kumvunjia heshima.