Vidonge vya Mwezi wa Nne

Mwanamke yeyote aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito hapa Tanzania anakijua kidonge cha kuongeza damu. Huambiwa ameze kimoja kila siku, na huonywa asishtuke choo kikiwa cheusi. Ndani yake mna vitu viwili: madini ya chuma, na vitamini iitwayo asidi ya foliki. Nimesoma kwa miezi kadhaa habari za hiyo vitamini, kwa sababu ya swali nililoulizwa nyumbani ambalo nitalifikia. Nilichokuta ni kwamba vitamini hii moja ina historia mbili, na kidonge cha kliniki kimerithi moja tu.

Ya kwanza inaanzia Bombay mwaka 1928. Lucy Wills, daktari Mwingereza mwenye miaka 40 hivi, alifika huko kuchunguza kwa nini wajawazito wengi, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, walikuwa wanapungukiwa damu kiasi cha kutisha. Alikuwa amesoma botania na jiolojia Cambridge kabla ya kugeukia udaktari, na nadhani hilo lilimsaidia; alizoea kuangalia kitu kilipoota kabla ya kukihukumu. Kwenye hadubini aliona chembe nyekundu chache, kubwa kupita kawaida. Alitafuta vijidudu, hakuvipata. Akageukia sahani. Walioumwa zaidi walikuwa wanawake maskini, ambao chakula chao kilikosa mboga, matunda na nyama. Wenye uwezo hawakuugua kama wao.

Dawa iliyojulikana kwa ugonjwa unaofanana na huo ilikuwa maini, na dondoo za maini zilikuwa ghali. Wills akawalisha kima chakula kama cha wale wanawake, na kima wakaugua. Kisha akawapa Marmite, ule urojo mweusi wenye chumvi ambao Waingereza hupaka kwenye mkate, unaotengenezwa kwa mabaki ya hamira kutoka viwanda vya bia. (Nimewahi kuuonja. Namheshimu kila aumezaye kwa hiari.) Hali ya kima ikawa nzuri. Alipowapa wajawazito, damu yao nayo ikarudi. Alichapisha matokeo mwaka 1931 bila kujua ni kitu gani hasa ndani ya hamira kilichofanya kazi ile.

Kitu chenyewe kilipata jina mwaka 1941, pale watafiti wa Texas, Marekani, walipokamua tani 4 za spinachi ili kupata kiasi kidogo mno cha dutu waliyoiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Sisi tunaokula mchicha tungeweza kudai hisa katika jina hilo. Mwaka 1945 timu iliyoongozwa na Yellapragada Subbarow, mwanakemia kutoka India aliyehamia Marekani, ikaweza kuitengeneza maabara. Tangu hapo asidi ya foliki ikawa dawa ya damu. Mjamzito akija kliniki mwezi wa nne, wa tano, hata wa saba, bado inamfaa, kwa kuwa mwili hutengeneza damu kila siku. Kidonge cha kliniki ni mjukuu wa Marmite ya Bombay, na kazi yake anaifanya vizuri.

Historia ya pili haihusu damu ya mama. Inahusu jambo linalotokea ndani ya kiinitete kisichozidi ukubwa wa punje ya mchele, na linalotokea mara moja tu.

Wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, mgongoni mwa kiinitete kuna tabaka bapa la seli, refu na jembamba kama wayo wa kiatu. Kingo zake mbili huanza kunyanyuka, kama ukili unapokunjwa kwa urefu. Siku ya 22 hivi kingo hukutana karibu na sehemu itakayokuwa shingo, zikagandana, na mshono huo ukaendelea kuelekea juu na chini. Tundu la juu huzibika yapata siku ya 25, la chini siku ya 27 au 28. Kinachobaki ni mrija. Mwisho wake wa juu utavimba kuwa ubongo. Sehemu iliyobaki itakuwa uti wa mgongo. Mshono ukishindwa juu, mtoto hukosa sehemu kubwa ya ubongo na fuvu, na haishi. Ukishindwa chini, huzaliwa na mgongo wazi: mishipa ya fahamu ikiwa nje au ndani ya kifuko laini mgongoni, miguu mara nyingi ikiwa haina nguvu, na wengi wao kichwa huanza kukua kwa maji yasiyopata njia.

Watu waliiona hali hii zamani. Jina lake la Kilatini, lenye maana ya uti uliogawanyika, linapatikana katika kitabu cha mwaka 1641 cha Nicolaes Tulp, daktari wa Amsterdam. Ndiye yule Rembrandt aliyemchora akiwafundisha wenzake mkono wa maiti. Ila kuona mgongo uliogawanyika si sawa na kujua kwamba haukuwahi kufungwa. Mtu ninayempenda zaidi katika sehemu hii ni Wilhelm His, Mswisi aliyefanya kazi Leipzig, ambaye katika miaka ya 1870 alichukua mpira wa bomba, akaupasua, akaupinda na kuukunja mezani ili aelewe jinsi tabaka la seli linavyoweza kuwa ubongo. Ernst Haeckel, aliyekuwa na jina kubwa wakati ule, alimkejeli. Mimi nilipofundishwa somo hili sekondari nilipewa mchoro wa kukariri. Ningepewa kipande cha bomba ningeelewa mapema zaidi.

Sasa hesabu. Siku ya 28 tangu mimba kutungwa ni siku ambayo hedhi ya mwanamke imechelewa kwa wiki mbili. Wengi wakati huo bado wanajiuliza kama ni malaria au uchovu. Mrija tayari umefungwa, au haukufungwa.

Dada yangu alijifungua mtoto wa pili akiwa na mgongo wazi. Aliendelea kutafutiwa sababu mpaka arobaini ya mtoto ilipopita. Mama mkwe wake alimkumbusha msiba aliouhudhuria akiwa mjamzito. Jirani alitaja jicho la mtu. Muuguzi mmoja, kwa sauti ya kukemea, alimuuliza kama alikuwa anameza dawa zake. Usiku ule dada alinitolea kadi ya kliniki, na ndani yake tarehe zote zimejazwa. "Mdogo wangu, vidonge nilimeza vyote. Hata kimoja sikukitupa. Sasa nilikosea wapi?"

Alianza kliniki mwezi wa nne, kama wanavyofanya wengi. Vidonge alivyomeza vililinda damu yake. Mgongo wa mwanawe ulikuwa umeamuliwa miezi miwili na zaidi kabla hajapewa cha kwanza. Hakukosea popote. Nilimwambia hivyo, lakini nilitaka pia kujua ni nani aliyejua jambo hili na tangu lini.

Jibu linapatikana Liverpool. Miaka ya 1960 Uingereza magharibi na Ireland zilikuwa na watoto wengi wa aina hii, na familia maskini ziliguswa kuliko tajiri. Bryan Hibbard, daktari wa uzazi, na Dick Smithells, daktari wa watoto, walipima mikojo ya akina mama waliozaa watoto wenye kasoro hizi wakaona dalili za upungufu wa foleti mara nyingi kuliko kwa akina mama wengine. Walichapisha mwaka 1965. Lucy Wills alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Katikati hapo pakapita kituko ambacho siwezi kukiruka. Mwaka 1972 mtafiti James Renwick alidai kwamba chanzo ni viazi mviringo vyenye ugonjwa. Ireland, viazi, hesabu ilionekana kukubali. Wanawake waliowahi kuzaa watoto wa hivi wakashauriwa kuacha viazi, baadhi wakaacha kabisa, na bado walizaa wengine wenye mgongo wazi. Dhana ikafa. Nikiwaza majirani wa dada yangu na jicho la mtu, siwacheki sana.

Smithells, ambaye sasa alikuwa Leeds, alitaka kufanya jaribio la haki: wanawake waliowahi kupata mtoto wa aina hii wapewe vidonge kabla ya kushika mimba, nusu vya vitamini, nusu visivyo na kitu, bila yeyote kujua nani kapewa nini. Kamati za maadili zilikataa. Walioona vitamini haina madhara hawakutaka mama anyimwe. Kwa hiyo aliwapa vitamini wote waliokubali, akawalinganisha na wale waliokuja tayari wana mimba. Mwaka 1980 alitoa hesabu: kati ya 178 waliomeza vitamini kikamilifu, mtoto mmoja, kati ya 260 ambao hawakumeza, watoto 13. Wakosoaji wakasema, kwa haki, kwamba mwanamke anayepanga mimba na kumeza vidonge mapema hafanani na asiyefanya hivyo. Yaani alizuiwa kupata ushahidi imara, kisha akalaumiwa kwa kutokuwa nao.

Ikabidi jaribio kamili lifanyike hata hivyo. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lililianza mwaka 1983, likiongozwa na Nicholas Wald, katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake 1,817 waliowahi kupata mimba yenye kasoro hii. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: asidi ya foliki peke yake, vitamini nyingine, vyote pamoja, au hakuna. Mwezi Aprili 1991 likasitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Kasoro 27 zilitokea; 6 katika makundi yaliyopata asidi ya foliki, 21 katika yale yasiyopata. Kinga ya asilimia 72. Vitamini nyingine hazikuonyesha msaada wowote. Mwaka uliofuata utafiti wa Hungary ukaonyesha kwamba hata wanawake ambao hawajawahi kupata mtoto wa aina hii hukingwa.

Si asilimia 100. Wapo wanaomeza kila kitu kwa wakati wake na bado mrija haufungwi. Kisukari cha mama, baadhi ya dawa za kifafa na urithi vina nafasi yao. Hilo nalo nilimwambia dada, kwa sababu sikutaka kumwondolea lawama moja na kumpa nyingine kwa ajili ya mimba ijayo.

Baada ya 1991 swali halikuwa tena la maabara. Utampaje mtu vitamini kabla hajajua kwamba anaihitaji? Kumshauri kila mwanamke ameze kidonge kila siku kwa miaka husaidia wachache, na huwafikia zaidi wanaopanga mimba zao kwa kalenda. Marekani iliamua kuweka asidi ya foliki kwenye unga. Kuanzia Januari 1998 kila gramu 100 za unga wa ngano ulioongezwa virutubishi zilitakiwa kuwa na mikrogramu 140. Kanada ikafanya hivyo mwaka huo huo, Chile mwaka 2000, na idadi ya watoto wanaozaliwa na kasoro hizi ikashuka. Uingereza, iliyolipia jaribio lenyewe na ambayo tangu enzi za vita ilikuwa inaongeza kalisiamu kwenye unga, iliendelea kubishana. Hoja moja ilikuwa ya kweli: mzee mwenye upungufu wa vitamini B12 anaweza kupona damu kwa asidi ya foliki huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Hoja nyingine ilikuwa kwamba si haki kumlisha dawa mtu asiyeiomba. Serikali ilitangaza kukubali mwezi Septemba 2021, miaka 30 baada ya jaribio. Mimi naona miaka hiyo 30 ni aibu.

Kwetu sheria haikuchelewa kiasi hicho. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi mwaka 2011, Kenya mwaka 2012. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zirutubishe vyakula, na mgongo wazi ukatajwa humo kwa jina. Tatizo letu ni kinu. Kanuni hukamata unga wa paketi kutoka kiwandani, na ugali mwingi haupitii huko. Unatoka mashine ya mtaani: mtu huja na ndoo yake ya mahindi, hulipia kusaga, huondoka na unga wake mwenyewe. Akitaka sembe, hukoboa kwanza, na kiini na pumba vyenye sehemu kubwa ya foleti vinabaki kwa kuku.

Siku hizi kuna kifaa kinachofungwa kwenye vinu vidogo, ambacho hupima nafaka inavyoshuka na kudondosha kiasi sahihi cha mchanganyiko wa virutubishi. Kinafanya kazi vizuri pale mwenye kinu anaposaga mahindi yake na kuuza unga kwenye mifuko. Kwa mteja mwenye ndoo ni vigumu zaidi. Niliwahi kumuuliza mwenye mashine mmoja kama angekubali kufungiwa. Hakuwa na neno na vitamini. Alitaka kujua nani atalipia mchanganyiko, kwa kuwa akiongeza shilingi 20 tu kwa kilo, wateja wake watavuka barabara kwenda kwa jirani.