Nyumba za Mawe za Amu na Ubaridi Wake

Ndugu zetu wa Amu, mlioko nyumbani, Mombasa, Nairobi na ng'ambo,

Mtu akitoka kwenye jua la saa saba mchana, akapita dakani na kuingia kiwandani, huhisi mwili ukipoa kabla hajaletewa maji ya kunywa. Ubaridi huo haukuja wenyewe. Ni kazi ya mafundi waliojenga mji wetu, na nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 18 na ya 19.

Walijenga kwa vilivyokuwapo: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na boriti za mikoko. Unene wa kuta ulikaribia nusu mita. Ukuta kama huo huchelewa kupata moto. Joto la mchana linapokaribia kupenya ndani, jua limeshatua. Boriti haifiki mbali, kiasi cha mita 3 tu, ndiyo maana vyumba vyetu vya kale ni vyembamba na virefu. Boriti ziliwekwa juu sana, ili hewa ya moto ipande mbali na watu.

Nyumba iliupa mtaa mgongo, ikakielekea kiwanda chake. Hewa ya moto ilitokea hapo kwenda juu, na usiku baridi ikatua humo. Kwenye ghorofa ya juu, paa la makuti lilitia kivuli na kupitisha upepo wa kusi na wa kaskazi. Hata wembamba wa mitaa una faida: nyumba huitilia nyumba jirani kivuli.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa, lakini heshima haipaki chokaa. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hufungika ndani, na plasta hubanduka. Makuti yakichakaa twaezeka mabati. Kiwanda twakifunika tupate chumba kimoja zaidi. Kisha twanunua feni, baadaye kiyoyozi, na kila mwezi twalipia stima ili tupate ubaridi ambao wazee wetu waliupata kwa ukuta na kivuli.

Ndiyo sababu mwaka huu chama kinaomba mchango wa kutengeneza jengo la kale la chuo wanakosoma watoto wetu: chokaa badala ya saruji, boriti mpya mahali pa zilizooza, na makuti juu. Vijana wa mji watafanya kazi pamoja na mafundi wazee, kwani fundi akiondoka bila mwanafunzi, ujuzi wake huondoka naye.

Kidogo chako kitanunua chokaa, kikubwa chako kitanunua boriti. Vyote vinahitajika.