Wana wa Mbatiany na Baraka ya Baba Yao

Mwalimu awafundishaye watoto wa Kimasai wa Ngorongoro sura ya 27 ya Mwanzo yampasa kuijua habari ya Sendeyo na Lenana. Baba yao, Mbatiany, alikuwa oloiboni, yaani mganga na mwaguzi mkuu wa Wamasai, akafa yapata mwaka 1890.

Yasimuliwa kwamba mzee alipokaribia kufa alimwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje asubuhi apokee vyombo vya uganga. Lenana, aliyekuwa amejificha, akayasikia hayo, akatangulia alfajiri. Mzee alikuwa na jicho moja tu, asimtambue. Akampa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, mawe na mfuko. Sendeyo alipofika akakuta vyote vimekwisha kutolewa.

A. C. Hollis, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, aliichapisha habari hii mwaka 1905. Mwaka uliotangulia Merker, afisa wa Kijerumani, alikuwa amedai kwamba Wamasai ni wa jamii moja na Waebrania wa kale. Lakini lugha yao yamkanusha: Kimasai ni ndugu wa lugha za Kinailo, wala si wa Kiebrania. Hadithi mbili zaweza kufanana pasipo kuwa na babu mmoja.

Tena tuangalie wakati ilipoandikwa. Ndugu hao walipigana miaka mingi, hata mwaka 1902 Sendeyo akamwendea Lenana kuomba amani. Basi iliandikwa mshindi akiwa amekwisha kushinda, na mengine yaliyoamua vita hayana nafasi kubwa ndani yake. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu. Oscar Baumann alipoingia kreta ya Ngorongoro, Machi 1892, alikuta Wamasai wamekonda kwa njaa. Nao mpaka wa Wazungu, uliopatanwa mwaka 1886, ulikuwa umeikata nchi: Sendeyo akawa upande wa Wajerumani, Lenana akapatana na Waingereza.

Waingereza wakamfanya Lenana mkuu wa Wamasai wao, ingawa kazi ya oloiboni ilikuwa kubariki na kuagua, si kutawala. Mkono uliopokea baraka ndio uliotia alama, mwaka 1904, katika mapatano yaliyowatoa Wamasai katika malisho ya Naivasha.

Kwa hiyo tuifundishe hadithi hii kama ushuhuda wa imani yao, kwamba baraka ikitoka hairudi. Lakini kwa habari ya vita yenyewe, tusiwaulize wazee wa Lenana peke yao. Nyumba ya Sendeyo nayo ina wazee wake.