Sauti Isiyosikika na Mfupa Uliovunjika

Mwaka 1917, katika bandari ya Toulon kusini mwa Ufaransa, wakati manowari za Wajerumani zipitazo chini ya maji zilipokuwa zikizamisha merikebu kila uchao, mwanazuoni wa fizikia, Paul Langevin, alikuwa akijaribu chombo cha kupeleka sauti baharini ili mwangwi wake ukirejea umjulishe adui alipojificha. Moyo wa chombo hicho ulikuwa ni fuwele ya kwatsi, ambayo Pierre Curie, mwalimu wa Langevin, pamoja na nduguye Jacques, walikuwa wamegundua mwaka 1880 kwamba ikibanwa hutoa umeme. Naye Langevin akaipindua siri hiyo, akaipa fuwele umeme ili itetemeke. Ikatetemeka kwa kasi isiyofikiwa na sikio la mwanadamu, ambalo halipokei zaidi ya mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Lakini samaki waliokuwamo katika hodhi ya majaribio wakafa walipopitiwa na sauti ile, na aliyetia mkono majini mbele ya chombo alipata maumivu makali.

Basi habari ya kwanza iliyopatikana juu ya sauti hiyo na viumbe hai ilikuwa ni habari ya mauti, na si ajabu kwamba hofu iliyozaliwa siku zile ilidumu muda mrefu. Matabibu walipoanza kuitumia kupasha moto misuli iliyokakamaa, waliona kwamba mfupa hunywa nguvu ya sauti kuliko nyama, na kwamba ikizidi huunguza ile ngozi nyembamba iuvikayo mfupa. Kwa hiyo wakahadharishana wasiisogeze karibu na mfupa uliovunjika. Hadhari hiyo ilikuwa ya haki kwa kadiri ya nguvu iliyotumika wakati ule. Kosa lililojificha ndani yake ni kudhani kwamba kidogo cha kitu hufanya kile kile kifanywacho na kingi chake.

Lugha yetu yenyewe yashuhudia jinsi kuunga mfupa kulivyo kazi kongwe: kuganga, kabla ya kuwa ni kutibu maradhi yoyote, ni kufunga na kuunga kilichovunjika, na gango ni kile kipande cha mti kifungwacho kando ya kiungo ili kisitikisike. Mganga wa mifupa hunyoosha, hufunga, kisha hungoja, kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya mfupa wenyewe. Damu iliyoganda penye ufa hugeuka nyama laini, nyama hugeuka gegedu, gegedu hugeuka mfupa mchanga, na mfupa mchanga hujichonga mpaka ukarudia umbo lake. Wataalamu walilotafuta ni namna ya kuihimiza kazi hiyo pasipo kuiharibu.

Mlango mmoja ulifunguliwa Ujapani mwaka 1957, pale Eiichi Fukada na Iwao Yasuda walipothibitisha kwamba hata mfupa ukibanwa hutoa umeme, kama ile fuwele ya akina Curie. Ikadhaniwa kwamba huenda mkandamizo ndio uuambiao mfupa mahali pa kujenga, na sauti nayo ni mkandamizo upitao. Huko Italia, Corradi na Cozzolino walikuwa wamekwisha kuijaribu sauti juu ya mifupa ya sungura mwanzoni mwa miaka ya 1950, wala wasione madhara, lakini sauti yao wenyewe haikufika mbali. Aliyelifikisha jambo hili mbali ni Luiz Duarte wa São Carlos, Brazili, ambaye aliwakata sungura mfupa mwembamba wa miguu yote miwili, akautibu mguu mmoja na kuuacha wa pili uwe shahidi, na mwaka 1983 akatangaza kwamba mguu uliopewa sauti hafifu uliunga upesi kuliko mwenziwe. Mimi naiona hekima yake kubwa katika kule kupunguza: nguvu aliyochagua ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba ngozi haihisi joto wala mtetemo.

Chombo kilichotokana na kazi hiyo ni kisanduku cha kushikwa mkononi, chenye uzi uishiao kwenye kidude cha duara. Mgonjwa aliyefungwa plasta hukatiwa dirisha dogo juu ya mahali palipovunjika. Hupaka ute mzito ili hewa isizuie sauti, hukiweka kidude pale, na kukaa dakika 20 kila siku. Fuwele hutetemeka mara milioni 1.5 kwa sekunde, kwa vipigo vifupi vifupi, na nguvu yake ni miliwati 30 tu kwa kila sentimita mraba. Hasikii kitu. Na kutosikia huko kuliwafaa wapimaji, maana iliwezekana kumpa mgonjwa mmoja chombo kizima na mwingine chombo bubu, wala yeye wala tabibu wake asijue ni kipi.

Mwaka 1994 Heckman na wenzake wa Marekani walitangaza matokeo ya mivunjiko 67 ya mfupa wa muundi iliyopimwa kwa njia hiyo: waliopewa sauti walipona kwa wastani wa siku 96, na waliopewa chombo bubu siku 154. Kwa mchukuzi au mkulima, siku 58 ni msimu mzima wa kazi. Serikali ya Marekani ikatoa idhini mwaka huo huo, na mwaka 2000 ikaongeza idhini kwa mifupa iliyokataa kuunga.

Kisha, mwaka 2016, yakatoka majibu ya jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa 501 wa Marekani na Kanada, ambao miundi yao ilikuwa imetiwa msumari wa chuma ndani. Haikuonekana tofauti yoyote, si katika picha za eksirei, si katika kurudia kazi na matembezi. Na mwaka uliofuata jopo la wataalamu, lililokuwa na wagonjwa ndani yake, likashauri kwa nguvu sauti hiyo isitumiwe kwa waliovunjika. Wako wanaotetea kwamba muundi wenye msumari si sawa na muundi wa plasta wa mwaka 1994, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mvunjiko mpya aghalabu huunga wenyewe, na mwenye kuusimamia huona wepesi kujihesabia sifa isiyo yake. Nadhani jopo lilihukumu kwa uadilifu.

Ikhtilafu iliyosalia ni juu ya wale ambao mifupa yao imegoma kabisa. Ushahidi uliopo juu yao aghalabu ni hesabu ya waliopona baada ya kutumia chombo, si ulinganisho na chombo bubu. Hata hivyo mwaka 2013 baraza la Uingereza lipimalo vyombo vya tiba liliridhia kitumike kwa mfupa mrefu uliokaa miezi 9 bila kuungana, kwa sababu njia nyingine iliyobaki kwa mtu huyo ni kulazwa tena mezani, nyama ikachanwa upya, na kipande cha mfupa kikakatwa nyongani kwake kwenda kujaza pengo la mguuni.