Jani la Kesho

Mwaka nilioacha chuo, mama mboga wa ploti yetu alinikopesha sukuma wiki karibu kila jioni. Sikuwahi kulifikiria hilo jina mpaka niliposoma kuhusu ashitaba, mboga ya Kijapani ambayo jina lake maana yake ni jani la kesho. Sukuma wiki, jani la kesho. Majina kama haya hayatungwi na watu walioshiba.

Ashitaba ni mmea wa porini wa ukoo mmoja na dania na karoti, unaoota karibu na bahari katika visiwa vya Izu, kusini mwa Tokyo. Jani lina uchungu kiasi, na ukikata shina linatoa utomvu wa manjano. Wenyeji husema ukichuma leo, kesho utakuta lingine limechipuka. Hapo wametia chumvi, huchukua siku kadhaa. Lakini anayesema hivyo anakuambia jinsi alivyokuwa akilisubiri.

Kisiwa kinachohusishwa zaidi na mboga hii ni Hachijo, kama kilomita 290 kutoka Tokyo. Ni cha volkano, na mkondo mkali wa Kuroshio uliwatesa sana mabaharia wa zamani waliokivukia. Kwa watawala wa Tokugawa hiyo ilikuwa jela tayari imejengwa. Mfungwa wa kwanza, Ukita Hideie, alifika mwaka 1606. Huyu hakuwa mtu wa mtaani hata kidogo: alikuwa bwana mkubwa aliyeshindwa kwenye vita vya Sekigahara mwaka 1600. Aliishi kisiwani hadi kifo chake mwaka 1655. Ukoo wa mkewe, akina Maeda, walimtumia mchele, ila mchele ulikuja kwa meli, na meli ilikuja ikitaka.

Baada yake walipelekwa wengine karibu 1,900 kwa zaidi ya karne mbili na nusu: samurai, watawa, wacheza kamari. Serikali iliwatupa pale na haikuwalisha. Walitegemea ndugu zao wa bara, au wanakijiji ambao wenyewe walikuwa na mpunga haba na walilipa kodi kwa vitambaa vya hariri ya manjano. (Usidhani rangi hiyo ilitoka kwa ashitaba. Ilitoka kwa nyasi nyingine kabisa.) Kimbunga kikipiga mashamba, njaa iliingia kwa mwenyeji na kwa mfungwa. Mwaka 1709 msomi Kaibara Ekiken aliandika kwamba watu wa Hachijo huipanda ashitaba kwa wingi na kuila asubuhi na jioni. Asubuhi na jioni, mazee. Hicho si kiungo cha kupamba sahani.

Leo ashitaba inakaangwa tempura, inatiwa kwenye tambi za soba, inasagwa unga wa kijani na kuuzwa kama siri ya kuishi miaka mingi. Wauzaji hupenda kumwingiza hadi mfalme wa kwanza wa China, aliyetuma watu baharini kutafuta dawa ya kutokufa. Mimi hiyo hadithi inanikera. Inamtoa mfungwa aliyeinama kwenye mteremko akichuma majani, inamweka mfalme.

Mfungwa ninayemkumbuka zaidi ni Kondo Tomizo. Mwaka 1826, akiwa kijana wa umri wangu, aliua watu wa familia jirani kwa ugomvi wa ardhi, na mwaka uliofuata akapelekwa Hachijo. Huko aliandika historia ya kisiwa kizima, mila, familia, wafungwa wenzake, juzuu zaidi ya 60. Utawala wa Tokugawa ulianguka mwaka 1868 yeye bado yuko pale. Alisamehewa mwaka 1880, akiwa mzee. Akapanda meli, akaenda bara, akazuru kaburi la babake. Halafu akarudi Hachijo, na huko ndiko alikofia mwaka 1887.