Kompyuta mpakato inayokunjika, kambini

Msafiri anayetoka Kampala kwenda kupiga kambi katika Hifadhi ya Ziwa Mburo huvuka ikweta pale Kayabwe, na jua la huko ndilo mtihani wa kwanza wa kompyuta mpakato ndogo inayokunjika. Skrini yake ya kugusa hung'aa. Adhuhuri humwonyesha mtumiaji uso wake badala ya maandishi. Kuongeza mwanga hakufui dafu, tena hula betri. Afadhali kuketi kivulini, nyuma kukiwa na turubai jeusi, kwani skrini huakisi kilicho mgongoni mwa mtumiaji.

Hesabu ya umeme ifanywe kabla ya safari. Betri ya wati-saa 40, kifaa kikitumia wati 8, hudumu saa 5. Betri ya akiba ya miliampea-saa 20,000 hubeba takriban wati-saa 74, na sehemu yake hupotea wakati wa kuchaji. Mwenye kazi ya kuwasilisha Jumatatu asitarajie kujaza zaidi ya mara moja na nusu. Nyingine, zilizoundwa kwa ajili ya simu, hazina nguvu ya kuchaji kompyuta kabisa.

Kifaa kikikunjwa kuwa kama kibao, vibonye huelekea chini, kwenye vumbi na umande. Kitandikiwe kitambaa.